Foleni ya KICC: Macho Yaliyotolewa kwa Shilingi Elfu Saba

Mwishoni mwa Julai 2023 na siku za kwanza za Agosti, waliopita katikati ya jiji la Nairobi waliona umati mkubwa kwenye jengo la mikutano la KICC. Wengi walikuwa vijana, wanafunzi wa vyuo na watu wasio na ajira, simu mkononi, wakingoja zamu ya kutazama ndani ya kifaa cha duara kwa muda mfupi tu. Aliyemaliza kutazama aliahidiwa tokeni 25 za sarafu ya kidijitali iitwayo Worldcoin. Kwa bei ya siku zile, tokeni hizo zilikaribia shilingi 7,000 za Kenya.

Habari ilipita haraka kwenye makundi ya WhatsApp na TikTok: kuna pesa ya bure mjini, nenda na simu yako. Serikali iliposimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti, Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamekwisha kupigwa picha za mboni za macho.

Naisimulia habari hii upya, ingawa miaka imepita, kwa sababu imeshafika mahakamani na kutolewa hukumu, na ndani yake mna mengi ya kutufaa sote. Tena simzungumzii mtu mjinga aliyedanganywa kirahisi. Mimi nami, ningekuwa pale siku ile, kodi ya nyumba imefika na mfukoni hamna kitu, sidhani kama ningepita foleni ile na kuendelea na safari yangu. Julai ya mwaka ule Kenya ilikuwa imebanwa. Kodi ya VAT kwenye mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, nauli zikafuata, unga ukawa ghali, na barabarani kulikuwa na maandamano ya kupinga gharama ya maisha. Waandishi wa habari walipowauliza waliopanga foleni kilichowaleta, wengi walijibu bila kificho kwamba walikuja kwa ajili ya pesa, na kwamba mradi wenyewe hawakuujua vizuri.

Tuanze na kile kilichotendeka pale, hatua kwa hatua, maana kosa lilijificha ndani ya hatua hizo ndogondogo.

Mtu alianza kwa kupakua programu kwenye simu yake. Programu ikampa msimbo wa QR. Alipofika mbele ya foleni alimkuta mhudumu mwenye kifaa kinachoitwa Orb, tufe linalong'aa kama fedha, ukubwa wake haupishani sana na mpira wa miguu, lenye kamera na miale isiyoonekana kwa macho. Alionyesha msimbo wake, kisha akaambiwa atazame katikati ya tufe bila kupepesa. Kamera ilipiga picha ya uso, halafu picha za karibu za mboni, yaani lile duara la rangi linalozunguka kitundu cheusi cha jicho. Michirizi ya duara lile haifanani kati ya mtu na mtu. Hata pacha waliozaliwa pamoja hutofautiana, na jicho lako la kulia halifanani na la kushoto. Mashine iliigeuza michirizi hiyo kuwa mfuatano wa tarakimu, ikathibitisha kuwa mtu huyo hajawahi kupita pale, na kazi ikaisha. Tokeni zikaingia kwenye simu.

Kabla ya hapo, ndani ya programu, palikuwa na kurasa za masharti. Palikuwa pia na swali muhimu sana: je, unakubali picha zako zihifadhiwe ili zitumike kuiboresha mashine? Kampuni ilieleza kwamba asiyekubali picha zake zingefutwa mara tu zikishageuzwa tarakimu, na anayekubali zingehifadhiwa. Sasa mfikirie mtu aliyesimama juani saa kadhaa, nyuma yake wapo mamia wanaosukumana, na mhudumu anahimiza watu wasogee. Nani angesoma? Tena masharti marefu, ya lugha ya wanasheria, kwenye kioo cha simu cha inchi chache. Kidole kilikwenda kwenye neno la kukubali, kama vidole vyetu vinavyokwenda kila siku tunapoweka programu mpya ya picha, ya muziki au ya mkopo.

Wenye mradi walikuwa na hoja yao, na ni haki kuitaja. Kampuni ya Tools for Humanity ilianzishwa mwaka 2019 na Sam Altman, Alex Blania na mwenzao. Altman ndiye anayeongoza pia OpenAI, kampuni iliyotuletea ChatGPT. Walisema kwamba akili mnemba inavyozidi kuwa hodari, itafika siku tutashindwa kujua mtandaoni ni yupi binadamu na ipi mashine, kwa hiyo dunia itahitaji kitambulisho kinachothibitisha kwamba huyu ni mtu, na ni mmoja tu. Tatizo wanalolitaja ni la kweli. Lakini mtu anaweza kuwa na hoja nzuri na bado akaja kwako kwa njia isiyo sawa, na hapa ndipo dalili za hatari zinapoanza.

Dalili ya kwanza ilikuwa hadharani zaidi ya mwaka mzima kabla ya foleni ya KICC. Mradi ulikuwa umefanyiwa majaribio kuanzia 2021 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Aprili 2022 jarida la MIT Technology Review la Marekani lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu namna watumiaji wa kwanza nusu milioni walivyopatikana. Wanahabari wake walifuatilia habari kuanzia kijiji kimoja cha Java Magharibi nchini Indonesia hadi Kenya na Sudan. Walikuta watu walioahidiwa fedha na zawadi, waliochukuliwa taarifa nyingi kuliko walivyoelezwa, na ambao hawakuweza kusema walichokikubali ni nini. Walikuta pia kwamba wahudumu wa yale matufe walilipwa kwa kuhesabu vichwa: kadiri ulivyosajili watu wengi, ndivyo ulivyopata. Anayelipwa kwa namna hiyo hana sababu ya kukaa na wewe akueleze polepole, wala ya kukurudisha nyumbani ukafikirie.

Habari ile ilisomwa zaidi huko ilikochapishwa. Kwetu haikufika mtaani kwa lugha ya mtaani. Hili linanisikitisha sana, na lawama yake inatuangukia sisi wenye kuandika kabla ya kumwangukia aliyepanga foleni.

Mei 2023 dalili zikaongezeka. Ziliripotiwa habari za soko la magendo ambako akaunti zilizothibitishwa kwa macho ya watu wa nchi maskini ziliuzwa kwa watu wa nchi ambako huduma haijafika, China ikitajwa. Mwezi huohuo tovuti ya TechCrunch iliripoti kwamba wadukuzi walikuwa wameiba nywila za baadhi ya wahudumu wa yale matufe kwa kutumia programu hasidi. Kampuni ilisema taarifa za watumiaji hazikufikiwa. Hata hivyo, mtu anayetaka kukabidhi alama ya mwili wake alistahili kuzijua habari hizo kabla ya kuinama mbele ya kamera.

Kisha ikaja dalili iliyo nzito kuliko zote. Tarehe 30 Mei 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyokuwa ikiongozwa na Immaculate Kassait, iliiandikia kampuni ikiitaka iache kukusanya taarifa hizi nyeti. Barua hiyo ilikuja kujulikana kwa umma Agosti, baada ya mambo kuharibika. Kati ya barua ile na amri ya serikali ya kusimamisha zoezi palipita miezi miwili, na ndani ya miezi hiyo macho yaliendelea kupigwa picha. Uzinduzi mkubwa wa sarafu yenyewe duniani, tarehe 24 Julai, ulikuja baada ya barua, na ndio uliojaza viwanja vya KICC.

Hapa nakuomba msomaji tutulie kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotunasa wengi. Kampuni ilikuwa imejisajili kwenye ofisi ya Kamishna kama mkusanyaji wa data. Usajili huo ni wajibu wa kisheria. Unamaanisha kwamba umejitambulisha kwa msimamizi, na hautoi idhini ya kila unachokifanya. Mtu wa kawaida akisikia "wamesajiliwa" anajiambia serikali imeshakagua. Akiona shughuli inafanyika KICC, jengo la umma ambalo kila Mkenya analijua, hatua chache tu kutoka Bunge, anazidi kujiambia: wangekuwa matapeli wangefukuzwa. Ni fikra ya mtu mwenye akili timamu. Lakini baadaye Bunge lilielezwa na Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, kwamba kampuni yenyewe haikuwa na usajili wa kufanya biashara nchini. Cheti kimoja kilichukuliwa na watu kuwa vyeti vyote.

Dalili nyingine ilikuwa fedha yenyewe. Ukienda hospitali kupimwa, unalipa wewe. Ukienda kupiga picha ya pasipoti, unalipa wewe. Hapa mtu anayekupiga picha ya jicho ndiye anayekulipa, tena kiasi kinachozidi vibarua vya siku kadhaa, na hakuombi kazi yoyote. Swali la kujiuliza lilikuwa jepesi: anachonunua ni nini? Kama hakuna aliyeweza kulijibu pale kwenye foleni, wala mhudumu, wala jirani aliyetangulia, basi kutojibiwa kwenyewe kulikuwa ni jibu. Na tokeni zenyewe hazikuwa shilingi. Ilibidi ziuzwe kwenye soko la sarafu za mtandaoni ndipo fedha iingie M-Pesa, na asiyejua njia alimtegemea dalali aliyenunua kwa bei ya chini na kubaki na tofauti. Bei ya sarafu hiyo baadaye ilipanda hadi kupita dola 11 mwezi Machi 2024, kisha ikaporomoka vibaya. Wengi wa waliokuwa KICC hawakuwa na haja ya kungoja lolote kati ya hayo. Walihitaji hela siku ileile.

Nalo suala la umri lilipita bila kushtua watu. Masharti yalisema ni kwa mtu wa miaka 18 na zaidi. Kamati ya Bunge ilipochunguza ilieleza wasiwasi kwamba hapakuwa na utaratibu wa kuhakiki umri, hivyo huenda hata watoto walipigwa picha. Mzazi, tafadhali zingatia hapo. Mtoto wa kidato cha pili mwenye simu ya kaka yake angeweza kusimama kwenye mstari ule, akatoka na alama ya jicho lake ikiwa imehifadhiwa mahali asikokujua, na wewe usisikie habari hiyo milele.

Tarehe 2 Agosti 2023 Waziri Kindiki alisimamisha shughuli zote. Siku hiyohiyo Ofisi ya Kamishna na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa taarifa ya pamoja iliyotaja wasiwasi wao: usalama na mahali pa kuhifadhia taarifa hizo hapaeleweki, taarifa za wananchi wengi zimo mikononi mwa watu binafsi, na kuomba ridhaa kwa kutoa zaidi ya shilingi 7,000 kunakaribia kuwa ushawishi. Siku chache baadaye polisi walivamia ghala la mradi jijini Nairobi na kuchukua mashine na nyaraka. Bunge la Taifa likaunda kamati ya muda chini ya mbunge Gabriel Tongoyo. Septemba kamati ilitoa ripoti na kupendekeza shughuli zibaki zimefungwa. Juni 2024 idara ya upelelezi ilifunga jalada lake bila kumshtaki mtu, na kampuni ikasema inatarajia kurudi. Wapo walioona kwamba hapo mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Taasisi ya Katiba, maarufu kama Katiba Institute, pamoja na wenzake, walikuwa wamekwenda Mahakama Kuu. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili alitoa hukumu. Alisema ukusanyaji ule haukuwa halali, kwa sababu haukutanguliwa na tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa sababu ridhaa ilipatikana kwa kuwashawishi watu kwa sarafu. Aliamuru taarifa zote za kibayometria zilizokusanywa zifutwe kabisa ndani ya siku 7, chini ya usimamizi wa Kamishna.

Tathmini ya athari ni kazi ya mezani, anayotakiwa kuifanya mkusanyaji kabla hajamgusa mtu wa kwanza. Anaandika anachokwenda kukusanya, kwa sababu gani, kitakaa wapi, nani atakiona, nini kinaweza kuharibika na atazuiaje. Kenya ilikuwa imekwisha kulipata somo hilo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi za utambulisho za Huduma Namba kwa kasoro hiyohiyo, na safari hiyo aliyekosea alikuwa serikali. Kwa hiyo kampuni iliyokuja baadaye ilikuta njia imeshawekwa alama. Na wananchi walikuwa na kipimo mkononi: wangeweza kuuliza tu, tathmini yenu iko wapi?

Kuhusu ridhaa, maneno ya mahakama yananigusa zaidi, maana yanatuhusu hata nje ya Worldcoin. Sheria inataka ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na ya mtu aliyeelezwa akaelewa. Mwenye njaa akiambiwa weka jicho hapa upate chakula, ameweka kwa hiari yake? Hatukumshika mkono, hatukumtisha. Lakini uamuzi wake umekwisha kufanywa na tumbo. Nadhani mahakama iliona vyema. Na nadhani kila mmoja wetu ana siku ambayo angetia saini karatasi yoyote, basi tujue siku hizo zikija, na siku hizo tusiamue peke yetu. Mpigie mtu simu. Mwambie dada, mjomba, au yule jirani anayefanya kazi ofisini. Akikuuliza swali moja ambalo huwezi kulijibu, rudi nyumbani, foleni itakuwepo kesho. Na ikiwa haitakuwepo kesho, hiyo nayo ni habari.

Tofauti ya jicho na taarifa nyingine ni kwamba jicho halina mbadala. Namba ya siri ikivuja unabadilisha. Laini ya simu ikiibiwa unaifunga na kuirudisha. Kadi ya benki inapatikana nyingine ndani ya wiki. Michirizi ya mboni utakuwa nayo mpaka uzeeni, na kesho benki au hospitali ikianza kutumia macho kukutambua, utakwenda na macho yaleyale. Kwa haki ya kampuni, niseme kwamba tangu wakati ule imebadilisha namna inavyohifadhi zile tarakimu, na inasisitiza kuwa mfumo wake unalinda faragha. Huenda ni hivyo. Lakini mtu aliyetoa jicho lake Julai 2023 alitoa kwa mfumo wa Julai 2023, na hakuwa na njia ya kuukagua.

Wala tusijidharau tukasema yalitupata sisi kwa sababu ni maskini wa elimu. Machi 2024 mamlaka ya ulinzi wa data ya Hispania iliizuia kampuni hiyo kukusanya taarifa kwa muda, na Ureno ikafanya hivyo mwezi huohuo, ikitaja malalamiko kuhusu watoto. Hong Kong iliamuru zoezi lisimamishwe Mei 2024. Brazili, Januari 2025, ilikataza kuwalipa watu ili wapigwe picha za macho. Barcelona na Lisbon nazo zilikuwa na watu waliopanga foleni kwenye maduka makubwa, wengi wao vijana, kwa sababu zilezile.

Huku kwetu Tanzania yale matufe hayakuleta foleni kama ya Nairobi, lakini tunayo kumbukumbu yetu ya kidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na tarehe ya kuanza kuzima laini zisizosajiliwa ikasogezwa hadi Januari 2020. Mawakala walikaa chini ya miavuli barabarani, na zoezi lenyewe lilikuwa halali na lenye faida. Lakini walijipenyeza wasio waaminifu. Mteja anaweka kidole, anaambiwa "haijasoma, weka tena." Anaweka tena. Mara ya kwanza ilikuwa imesoma, na ile ya pili imesajili laini nyingine kwa jina lake, laini inayokwenda kuuzwa kwa mtu atakayeitumia kutuma zile jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii." Dalili ilikuwa palepale kwenye maneno "weka tena," na hatukuwa na mazoea ya kuuliza imesoma au haijasoma, nionyeshe. Ndiyo maana ukaletwa utaratibu wa kupiga *106#, uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Piga leo. Mpigie na bibi kijijini aliyesajiliwa na mjukuu wa jirani. Ukikuta namba usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika uiondoe.

Na lile neno la kukubali halijaondoka. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Waliowahi kukopa katika programu za aina hiyo wanakijua kilichofuata: mtu anachelewa kulipa, na ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa bosi wake, kwa mama mkwe, kwa mchungaji. Wakopeshaji walizipataje namba hizo? Siku ya kupakua, programu iliomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, na mkopaji akakubali, maana mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mkopo hauhitaji kujua namba ya mama mkwe wako. Tochi haihitaji kujua uliko. Programu ikiomba kisichohusiana na kazi yake, hiyo peke yake inatosha kuiondoa kwenye simu, hata kama marafiki mia wanaitumia.

Kwa aliyekwisha kutoa jicho, kidole au uso, haki yake haikuishia pale. Sheria ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinampa mtu haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zinazoshikiliwa, kutaka zirekebishwe, na kutaka zifutwe pale zinapokuwa hazina uhalali. Tanzania ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Anza kwa kumwandikia mwenye programu, kwa maneno ya kawaida tu: nilijisajili mwezi fulani, mahali fulani, naomba kujua mnacho nini changu na naomba mkifute. Hifadhi nakala na tarehe. Akikaa kimya, ipeleke nakala hiyo kwa msimamizi. Kwa Kenya, malalamiko kwa Kamishna hayahitaji wakili, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.